Ukili Kwenye Droo ya Mwalimu

Kosa ninalokusudia kulianika hapa ni la kuudhania ukimya kuwa usikivu. Ni kosa la walimu wengi, na wapo wanaostaafu nalo bila kujua kwamba walikuwa wamelibeba. Mimi nililibeba kwa miaka ishirini, na siku nilipolitua, mtoto wa miaka mitano alikuwa amekwisha kuumia kwa ajili yake.

Nimestaafu kwa hiari mwaka huu, nikiwa na miaka hamsini na mitano. Anayetaka kujua nilipanda vyeo gani atafute jalada langu. Ni jembamba, na halitamchosha. Ninawaandikia ninyi vijana mliobaki kwenye madarasa ya awali, mnaopokea watoto ambao jana tu walikuwa mgongoni mwa mama zao, kisha mkatakiwa muwakalishe kama makarani.

Nilianzia Tongoni, darasa la kwanza. Mimi binti wa kambi ya mkonge, niliyekua nikisali kwenye kanisa la bati, nilifika nikiwa na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu, na mwalimu mkuu akayatazama yale mawili kwa huruma. Aliitwa Mwalimu Mhina, Mbondei mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi hata siku za kulima shamba la shule. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha namna ya kuivunja chaki kabla ya kuandika ili isipige kelele ubaoni, namna ya kutunga visoda kumi kumi kwenye waya ili mtoto aione hesabu kabla ya kuitamka, na namna ya kumshika mtoto kifundo cha mkono, wala si vidole, anapojifunza herufi. Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo, na alitaka ipigwe mara tatu, si nne. Mpaka leo nikisikia chuma kikigongwa mahali, huhesabu.

Asubuhi ya kwanza alinisimamisha nje ya dirisha la darasa langu mwenyewe.

"Unasikia nini, mwalimu?"

"Watoto, mwalimu mkuu."

"Basi bado hujaanza kufundisha. Siku nikisimama hapa nikamsikia kuku wa jirani anavyoparua mchanga, nitajua nina mwalimu."

Nilichukua miezi minne. Siku ile alipopita dirishani, akasimama, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika, nilijiona nimepata shahada ya pili. Nilimpenda mzee yule na ninampenda hadi sasa. Mengi aliyonipa yalikuwa dhahabu. Hili la kuku lilikuwa shaba, nami nikalivaa pamoja na mengine bila kulipima.

Baada ya miaka kumi na kitu nilihamishiwa mjini, kwenye shule moja ya kata ya Usagara, nikapewa darasa la awali. Watoto walikuwa sabini na kitu, mikeka minne, mabenchi tisa, na dirisha moja lililotazama jiko la shule. Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha mabati chenye mafiga matatu na sufuria kubwa ya uji. Mpishi wake alikuwa mama mtu mzima, mtu wa Moa, mfupi, mwenye sauti ya chini na ulimi wenye makali. Watoto walimwita Mama Uji, walimu tukamwita Mama Uji, hata kwenye karatasi ya zamu iliandikwa hivyo. Alikuwa akikoroga, na uji ukishashika moto huketi juu ya kigoda na kusuka ukili. Kwa msomaji wa bara nieleze: jani la ukindu huchanwa vipande vyembamba viitwavyo chane, chane husukwa kuwa utepe mrefu ambao ndio ukili, na ukili ukishonwa ukingo kwa ukingo unakuwa mkeka. Wanawake wa pwani husuka wakiwa barazani, wakiwa msibani, wakiwa wanamsikiliza mwalimu wa dini. Nililiona jambo hilo maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza maana yake.

Mwaka wangu wa sita pale nilimpokea Saumu.

Alikuwa na miaka mitano, mwembamba, mwenye macho yanayofika mahali kabla ya mwili. Alijibu swali kabla sijalimaliza, na mara nyingi alijibu swali ambalo sikuuliza. Alianguka kutoka kwenye benchi bila kusukumwa. Alipoteza ndala moja kila wiki, daima ya kushoto, jambo ambalo sijapata maelezo yake hadi leo. Nikisema "chukueni madaftari, fungueni ukurasa mpya, chora duara," wenzake walichora, naye alikutwa kwenye kona akimfungua mwenzake vifungo. Hakuwa mkorofi. Ukimgombeza, alihuzunika kwa dhati, akaahidi, na ahadi ikadumu mpaka nzi wa kwanza aliyepita.

Mimi ni msomaji, na msomaji akikutwa na shida hukimbilia karatasi. Nilisoma vijitabu nilivyovipata juu ya watoto wasiotulia. Nilikuta kwamba iko hali ambayo wataalamu huieleza kuwa ni upungufu wa umakini pamoja na mhangaiko uliopita kiasi. Kwamba haitokani na malezi mabaya. Na kwamba mtoto hawezi kuiacha kwa kuamriwa. Haya yote niliyasoma, nikayapigia mstari kwa kalamu nyekundu, kisha nikaendelea kuamuru.

Vilevile nilitangaza vita dhidi ya sukari. Mtu fulani alikuwa ameniaminisha kwamba sukari ndiyo huwapandisha watoto wazimu, nami nikamwagiza mama yake Saumu amnyime chai tamu, kashata na juisi za rangi. Muhula mzima mtoto alikunywa chai chungu, na kilichobadilika ni kwamba sasa alihangaika akiwa amenuna. Baadaye daktari aliniambia kwamba sukari si nzuri kwa meno, lakini katika kesi hii haikuwa na hatia. Niliona haya mbele ya kikombe changu mwenyewe, ambacho wakati wote huo kilikuwa na vijiko vitatu.

Nilipochoka nilianza kumtoa nje. "Nenda ukakae kwa Mama Uji mpaka nikuite." Nilikusudia iwe aibu. Siku ya tatu, nikiwa nimewasimulia watoto hadithi niliyoitunga ya kaa aliyesahau shimo lake, nilitoka kwenda kumwita. Nilipokaribia jiko nilisikia sauti yake. Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, mkononi ana chane tatu alizozisuka zikawa utepe wa urefu wa shubiri, umepinda kidogo lakini umeshikana, na alikuwa akimsimulia mpishi hadithi ya kaa. Alikuwa nayo yote. Alikuwa na majina ya mashimo manne, kwa mpangilio, na maneno ambayo kaa alimwambia kila jirani. Alikuwa ameisikia kupitia dirishani.

Mwalimu mwenye akili angeketi chini palepale. Mimi nilikasirika, kwa sababu niliona adhabu yangu imegeuzwa starehe.

"Nimemleta hapa atulie, Mama Uji, sikumleta acheze."

"Ametulia, mwalimu. Tangu aje hajanyanyuka. Weye ulikuwa wataka nini tena?"

"Nataka atulie ndani, si nje."

"Basi mpe na chane aende nazo ndani. Mkono wa huyu ukiwa na kazi, sikio lake linabaki nyumbani. Miye mwenyewe ndivyo nilivyo. Ukinikalisha mikono mitupu sikusikii hata ukinisomea mirathi yangu."

Nilimjibu kwamba darasa si baraza la kusukia mikeka. Nikautwaa ule ukili kutoka mkononi mwa mtoto, nikaufungia kwenye droo ya meza yangu pamoja na manati, goroli na vitu vingine vya makosa. Saumu hakulia. Alitazama vidole vyake, kama mtu anayehakikisha vimebaki vyote.

Wiki hiyohiyo nilimwita mama yake. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mdogo aliyeishi peke yake na mtoto, na alikuja na uzi umemning'inia begani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mama Saumu, nimefika mwisho. Fanya utakavyofanya nyumbani kwako, lakini huyu mtoto akae. Asipokaa, muhula ujao nafasi yake nitampa mtoto mwingine."

"Nifanyeje, mwalimu? Nyumbani ndivyo alivyo. Kulala kwenyewe ni ugomvi."

"Wewe ndiye mama yake," nilisema. Sentensi ile niliiona kuwa hekima wakati huo.

Jumatatu iliyofuata Saumu alikaa. Akakaa Jumanne. Juma zima alikaa, mikono juu ya meza, na juma la pili vilevile. Nilisimama katikati ya darasa nikamsikia, kwa hakika kabisa, kuku wa jirani akiparua nyuma ya jiko. Nilikuwa na nyota nilizozikata kwenye karatasi za kung'aa za pakiti za majani ya chai, ambazo sikuzitoa ovyo. Nilimbandika Saumu moja kifuani mbele ya wenzake, na siku ya tatu nikambandika nyingine. Kwa kila aliyeniuliza katika chumba cha walimu nilieleza kwamba uthabiti ndio dawa.

Ijumaa ya juma la pili, wakati wa mapumziko, Mama Uji alikuja kusimama mlangoni. Hakuwa na kawaida ya kuja.

"Mwalimu, hebu njoo jikoni."

"Kuna nini?"

"Njoo uone nyota yako."

Saumu alikuwa ameegemea ukuta wa bati, kikombe cha uji mkononi, na uji umeshaota ngozi juu. Kichwa kilikuwa kikishuka polepole, kikishtuka, kikishuka tena. Watoto wengine walikuwa wakikimbizana mita chache kutoka pale.

"Siku ya nne hii hanywi," mpishi alisema. "Namuuliza, hanijibu, anatabasamu tu. Miye si daktari. Lakini mtoto haachi kuwa yeye kwa siku mbili."

Nilichuchumaa. Nilimuuliza kama anaumwa.

"Siumwi, mwalimu."

"Mbona unasinzia?"

"Mama hunipa dawa ya mafua."

"Una mafua?"

"Sina." Alifikiri kidogo, kisha akaeleza kwa uvumilivu, kama anayemwelekeza mgeni njia: "Nikiinywa ndiyo napata nyota."

Nimehudhuria mafunzo mengi katika utumishi wangu, na hakuna lililonifundisha zaidi ya sentensi ile.

Mama Uji alichukua kikombe, akaumwaga ule uji, akajaza mwingine wa moto, akamwekea mtoto mdomoni kidogo kidogo. Mimi nilimwachia mwenzangu darasa, nikamchukua Saumu mpaka kwa mama yake. Tulimkuta kwenye cherehani yake. Nilipotaja dawa, mguu wake ulisimama juu ya pedali.

"Mwalimu, ulisema nifanye nitakavyofanya," alisema. "Nilimpa kifuniko kimoja. Akawa anachangamka kabla ya saa nne, nikampa viwili. Nilijua si vizuri. Lakini ulikuwa unamfukuza."

Tulikwenda hospitali tukiwa watatu. Daktari alikuwa kijana mtaratibu; alimpima mtoto, akaamuru dawa ile ikome siku hiyohiyo, akamweleza mama bila kumdhalilisha hatari ya kumpa mtoto asiyeumwa dawa ya kumsinziza. Kisha akauliza maswali mengi, akatupa siku nyingine tatu za kurudi kabla ya kusema lolote la uhakika. Mwishowe alisema kwamba dalili zinaelekea kwenye hali ile niliyoipigia mistari myekundu, na kwamba kwa mtoto wa umri huo tiba huanza na watu wazima wanaomzunguka: namna wanavyompangia siku, wanavyomwagiza, wanavyomsifu. Akikua, kama bado anataabika, hayo mengine yatazungumzwa na wenye utaalamu.

Kisha akauliza: "Kuna mahali popote ambapo huwa anatulia mwenyewe?"

"Hapana," mama yake alisema.

Daktari akanigeukia. Nilikumbuka droo yangu.

"Jikoni," nilisema. "Akiwa na ukili mkononi."

"Basi kwa nini tusianzie hapo?"

Jumatatu nilifungua droo nikamrudishia Saumu utepe wake mbele ya darasa zima, nikamwambia kwamba mwalimu alikosea. Wengine walicheka. Mmoja aliuliza kama na mwalimu atasimama kwenye kona. Nilisimama kwenye kona. Dakika mbili ni ndefu kuliko mnavyofikiri, na tangu siku hiyo sikumpa mtoto zaidi ya hizo.

Yaliyofuata ni kazi, na kazi haina maajabu. Nilimhamishia Saumu karibu nami, mbali na dirisha na mlango. Niliacha kutoa maagizo matatu kwa pumzi moja. Nikatoa moja, nikangoja litimie, nikatoa la pili. Kila baada ya muda mfupi darasa zima lilisimama, likaruka, likatembea mpaka bombani na kurudi, kwa hiyo hakuna aliyejua ni nani hasa aliyehitaji kutembea. Yeye ndiye aliyepeleka daftari la mahudhurio ofisini na kurudisha ndoo jikoni. Wakati wa kusikiliza alisuka. Wakati wa kuandika chane ziliwekwa chini, na kanuni hiyo haikuwa na msamaha. Nyota zilibaki, ila nilizitoa palepale jambo lilipotendeka, na nikalitaja jambo lenyewe: umemsubiri Asha amalize kusema. Kukaa tu hakukumpa mtoto nyota tena.

Nyumbani, mama yake alichora ukutani kwa mkaa picha tano za asubuhi: kuoga, kuvaa, kula, begi, ndala. Picha ya ndala aliichora mara mbili. Mlango wa kwenda kwa jirani kutazama televisheni ulifungwa mapema, kulala kukawa na saa moja isiyobadilika, na jioni kabla ya kuoga mtoto alipewa nafasi ya kukimbia mpaka achoke. Juma la kwanza lilikuwa baya kuliko yote yaliyopita. Mama alikuja akilia, akasema anarudi kwenye chupa ya dawa. Mama Uji akamketisha kwenye kigoda chake, akampa sufuria ya kusugua.

"Sugua kwanza. Ukishamaliza kulia, hesabu: jana kavaa mwenyewe au kavishwa?"

"Kavaa mwenyewe. Nguo kageuza ndani nje."

"Ndani nje ni kavaa," alisema Mama Uji.

Mwezi wa tatu tulianza kuona tofauti. Saumu hakugeuka mtoto mwingine, wala hatukumtaka. Alibaki akidondoka kwenye benchi, ila mara moja kwa juma. Muhula uliofuata nafasi yake ilikuwa yake.

Sitaki mfikirie kwamba niligundua dawa ya kila mtoto. Mwaka uliofuata nilimpa mvulana mmoja chane, akazifunga fundo na kumchapia jirani. Huyo kilichomfaa ni kubeba matofali ya bustani. Na miaka minne baadaye alikuja mtoto ambaye yote haya hayakumtosha, daktari akaamua hatimaye kumwandikia dawa, na sikumwambia mama yake kwamba ukili ungetosha. Mwalimu anayejifanya daktari ni hatari sawa na yule anayejifanya askari.

Inabaki aibu moja, nami nimeiacha mwisho kwa sababu nilitamani kuiruka. Siku moja maofisa wa elimu walikuja shuleni, wakakuta watoto tisa wakisuka huku nikisoma hadithi. Waliuliza kama hili ni darasa au gulio. Kisha wakawahoji watoto juu ya hadithi, na waliojibu vizuri walikuwa na chane mikononi. Baada ya mwezi kukawa na semina palepale shuleni, nami nikaitwa mbele, nikasifiwa kwa ubunifu wangu. Chai ya semina ilimiminwa na Mama Uji. Alikuwa amesimama na birika umbali wa hatua sita. Nilisema asante, nikaketi.

Alipofika kwenye kikombe changu aliinama. "Hongera, mwalimu. Nasikia umevumbua ukili."

Alicheka, nami nikacheka, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kusimama tena na kusema kweli. Sikusimama. Mwisho wa mwaka alirudi kwao, kwa sababu macho yalikuwa yanakataa moshi.

Saumu sasa ni msichana mkubwa, anasoma chuo cha ufundi, mama yake akimsaidia. Aliposikia nastaafu alikuja kuniaga, akazungumza mambo sita kwa mpigo, akasahau mtandio wake kitini. Kabla hajaondoka aliuliza: "Mwalimu, yule Mama Uji jina lake nani? Namshonea kitu, nataka nikiandike jina lake."

Nilikuwa nimeita majina ya watoto asubuhi zote za miaka thelathini na miwili. Niliwakemea walioandika jina bila herufi kubwa. La mwanamke yule sikulijua.

Juma lililofuata nilikwenda Moa. Kijana wa bodaboda aliniuliza namtafuta nani, nami nikasema mpishi wa zamani, mfupi, mwenye ulimi. Akanijibu kwamba nimewataja nusu ya kijiji. Tuliulizia nyumba nne. Ya tano nilimkuta barazani, macho yamefifia sana, vidole vinasuka bila kuhitaji kuona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alisikiliza kidogo. "Huyu ni mwalimu. Bado unasalimu kama unaita mahudhurio."

Nilimwambia habari za Saumu, naye akataka kujua kwanza kuhusu ndala. Kisha nilitoa daftari nikamwomba anitajie jina lake kamili.

"La nini tena?"

"Niliandike mahali panapostahili. Na nililopaswa kusema siku ile ya semina nimeliandika pia."

"Miaka yote ile hukuniuliza."

"Sikuuliza, mama. Nilikosa."

Aliendelea kusuka mpaka mwisho wa chane, akaongeza nyingine, akanitajia taratibu, jina moja moja, kama mtu anayempa mtoto imla. Niliandika kwa herufi kubwa panapohusika, nikamsomea, akanisahihisha mara moja, nikaandika upya: Mwanamvua binti Mbwana Kombo.